Daktari Amwandikie Mzee Bao? Utamaduni, Upweke na Afya ya Wazee wa Mombasa

Mwambie mzee wa Kibokoni kwamba ziko nchi ambako daktari humwandikia mgonjwa kwenda kuimba, kuchora au kutazama vitu vya kale makumbusho, naye atakucheka. Kwani kwenda barazani kwataka cheti? Kicheko hicho kina haki yake. Mji wenye baraza za mawe mbele ya nyumba, wauza kahawa tungu, maulidi, harusi zisizokwisha siku moja na majirani wanaopelekeana sahani za futari hauonekani kuwa mji wa kufundishwa jinsi ya kukaa na watu. Ila huyo anayecheka ni mzee uliyemkuta barazani. Makala hii inamhusu yule ambaye hukumkuta.

Cheti cha kwenda kuimba

Mpango wenyewe umeshika zaidi Uingereza. Chimbuko lake mojawapo liko mashariki mwa London, katika kituo cha Bromley by Bow kilichoanzishwa 1984, ambako matibabu, sanaa na bustani vilikuja kukaa mahali pamoja. Januari 2019 shirika la afya la taifa huko, NHS, liliuingiza katika mpango wake wa muda mrefu na kuahidi kuajiri zaidi ya watu 1,000 wenye kazi moja mahususi: kumuunganisha mgonjwa na shughuli za mtaani kwake. Lengo lilikuwa kuwafikia zaidi ya watu 900,000 ndani ya miaka mitano. Wafanyakazi hao tuwaite waunganishi.

Mambo huenda hivi. Mama mmoja amekuja kwa daktari mara ya nne. Halali, mwili wauma, hamu ya chakula hana. Vipimo vyote havioni kitu. Daktari ana dakika kumi tu, na anajua kwamba mumewe alifariki mwaka jana. Badala ya kumwongezea vidonge, anamwelekeza kwa mwunganishi. Huyu hana dawa wala mashine ya kupimia; alicho nacho ni wakati. Anakaa na yule mama, anamuuliza zamani alikuwa akifanya nini, alikuwa akipenda nini, na ni kitu gani hasa kinachomzuia kutoka. Kisha anamtafutia kwaya, kikundi cha wafumaji au bustani ya mtaa, na siku ya kwanza mara nyingi huenda naye.

Uingereza si peke yake. Huko Kanada, kuanzia Novemba 2018, madaktari waliruhusiwa kuwaandikia wagonjwa kuingia bure Makumbusho ya Sanaa ya Montreal. New York, makumbusho ya MoMA yalianza mwaka 2006 kuwapokea watu wenye ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer pamoja na wanaowauguza, wakakaa mbele ya picha chache na kuzizungumzia, bila mtihani na bila haraka.

Wengi wakisikia habari hizi hushika ile karatasi: daktari kaandika! Karatasi ni kitu kidogo. Kubwa ni mtu wa kufuatana na mzee mpaka mlangoni, aingie naye, amtambulishe kwa wenyeji, na arudi naye. Mombasa haina uhaba wa shughuli. Ina uhaba wa mtu huyo.

Nyumba imejaa, bibi mpweke

Upweke ukitajwa, wengi humfikiria kikongwe anayeishi peke yake. Hao wapo, lakini wazee wengi wa Mombasa wanaishi na watu. Chukua nyumba ya vyumba vitatu Kisauni: bibi yumo, binti yake, mkwe na wajukuu watano. Asubuhi anaamkiwa, anawekewa chai na mahamri, kisha nyumba inatoka yote, huyu skuli, yule kazini, mwingine sokoni Kongowea. Jioni wakirudi, kila mmoja na simu yake. Hakuna aliyemkosea bibi. Amelishwa, amevishwa, dawa ya presha amepewa kwa wakati. Lakini tangu alipofariki shoga yake wa Majengo, hakuna tena anayemwita kwa jina la utani, wala wa kubishana naye juu ya harusi ya nani ndiyo iliyofana mwaka ule wa mvua kubwa.

Wataalamu hutenganisha mambo mawili hapa. Kutengwa ni jambo la kuhesabika: mtu anakutana na watu wangapi kwa wiki. Upweke ni pengo lililopo kati ya suhuba aliyo nayo mtu na ile anayoitamani. Unaweza kuwa na moja bila jingine. Yuko mzee anayekaa peke yake Likoni, anatengeneza nyavu zake, ameridhika. Na yuko yule bibi wa Kisauni. Tofauti hii si ya kitabuni tu, maana tiba zake ziko mbali. Aliyetengwa, mfikishe kwa watu. Mpweke aliye katika nyumba ya watu wanane hasaidiki kwa kuongezewa wa tisa. Anataka watu wa rika lake, au mahali ambapo anachokijua yeye kina wa kukitaka.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Juni 2025 likisema mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka. Unatajwa pamoja na maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari, sonona na kupungua kwa akili. Vijana nao hawakusalimika. Kwa kweli ripoti hiyo inawaweka mbele. Hilo ni muhimu kwa mji huu, na nitasema kwa nini baadaye.

Mombasa kuna sababu zake za pekee. Familia nyingi za Mji wa Kale zimehama. Nyumba imeuzwa au imegeuzwa duka na ghala, watu wamekwenda Tudor, Bamburi, Mtwapa. Nyumba mpya haina baraza, ina geti na ngazi. Mzee mwenye magoti mabovu akiwekwa ghorofa ya tatu pasipo lifti, dunia yake imekwisha kwenye roshani. Kisha kuna wale waliokuja ujanani kutoka Ukambani, Taita, Nyanza na Magharibi kufanya kazi Bandarini, Reli na viwanda vya Changamwe. Wamestaafu, wengine hawakurudi makwao kwa sababu watoto na makaburi ya jamaa zao yako hapa. Ukienda Mikindani au Chaani ukawaambia kwamba utamaduni wa wazee wa Mombasa ni taarabu na kofia za vito, watakutazama tu.

Ziko na sababu ambazo hazisemwi kwa sauti. Katika Kilifi na Kwale, mvi zimekuwa hatia. Wazee wamesingiziwa uchawi na kuuawa, mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa shamba. Mzee aliyekimbilia kwa mwanawe Mshomoroni kwa hofu hiyo hatatoka mbio kwenda kucheza ngoma uwanjani eti kwa sababu ametangaziwa kuwa ngoma ni afya.

Aliyekuwa mkuu wa jiko sasa ni mgeni

Baraza ni ya wanaume. Wanawake wa rika moja nao walikuwa na mahali pao, napo palikuwa ndani, hasa katika harusi. Harusi ya Waswahili ilikuwa kiwanda cha wanawake wazima. Wiki nzima kabla ya siku yenyewe nyumba ilijaa: hawa wanachambua mchele juu ya mkeka, hawa wanatwanga viungo, wengine wanamsinga bibi harusi kwa liwa, wengine wanatunga asmini na kupanga vikuba. Bibi wa miaka sabini hakuwa mtazamaji hapo. Yeye ndiye aliyeonja mchuzi akasema bado. Ndiye somo aliyekaa na mwari faragha. Ndiye aliyezijua nyimbo za vugo na mahali pa kuitikia, na msichana aliyekosea aliangaliwa kwa jicho moja tu akanyamaza. Kabla ya hapo, mama zao walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama vyenye vyeo, sare na mashindano makali baina ya mtaa na mtaa, mpaka vikapoa katikati ya karne iliyopita.

Leo ukumbi umekodishwa. Chakula kinapikwa na mpishi wa kulipwa, hina inapakwa saluni, muziki ni wa DJ. Bibi anapelekewa kadi. Anakalishwa kiti cha mbele, anapigwa picha na kila mjukuu, na ikifika saa nne usiku anaomba arejeshwe nyumbani kwa sababu spika zinamuumiza masikio. Heshima amepewa yote. Kazi ndiyo aliyonyang'anywa, na aliyemnyang'anya alidhani anampumzisha.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo mipango mingi ya wazee inapopotea njia. Oktoba 1 kila mwaka ni Siku ya Wazee Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Hema linasimamishwa, hotuba zinatolewa, wazee wanapewa soda na leso, vijana wanawachezea ngoma. Hakuna ubaya. Lakini mzee aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akitazama ngoma ambayo yeye ndiye aliyemfundisha aliyemfundisha mchezaji hajaunganishwa na utamaduni, ameonyeshwa. Oktoba 2 yuko palepale alipokuwa. Shughuli inayomfaa ni ile inayorudi kila wiki, iliyo karibu na kwake, na ambayo asipofika kuna kitu kinapungua.

Tazama bao. Ukipita Mji wa Kale baada ya sala ya Alasiri utawakuta wazee wamelizunguka. Mashimo thelathini na mawili, safu nne za nane nane, kete sitini na nne. Mchezo unaanza kwa kunamua: kila mmoja amebakiwa na kete 22 mkononi, anaziingiza moja moja. Mchezaji wa kawaida anaona shimo moja mbele. Mzee aliyelijua bao anatazama kwa muda, vidole vimesimama hewani, anazihesabu kete zitakavyozunguka, zitakapoanguka, zitakapokula tena na kuendelea, mpaka mwisho wa safari, kisha anacheza kwa kasi ambayo jicho halifuati. Waliosimama hawanyamazi, kila mmoja anajua kuliko mchezaji. Kahawa inazunguka kwenye vikombe vidogo, mara atapita kijana akaamkia na kuulizwa habari za babake. Kuna hesabu hapo, kumbukumbu, mikono, matusi ya kirafiki na zamu ya kurudi kesho kulipa kisasi. Mtu akitaka kutunga kutoka mwanzo mpango wa afya ya wazee asingefika mbali na haya.

Au chukua rundo la leso za zamani, zile zilizokaa sandukuni zikanukia udi. Mtandikie bibi moja mapajani. Kwanza atazipapasa pindo. Halafu atalisoma jina, au atakusomea kabla hujaligeuza upande wa maandishi, kwa sababu analijua. Kisha atacheka, maana leso ile haikununuliwa kuvaliwa tu. Ilinunuliwa jirani fulani aisome. Na hapo hadithi inatoka: jirani nani, ugomvi wa nini, duka lipi la Biashara Street, bei gani enzi hizo, nani aliyewapatanisha. Wanaowauguza watu wenye ugonjwa wa kusahau hutumia njia ya namna hii, ya vitu, picha na nyimbo za zamani, kwa sababu mambo ya ujanani mara nyingi hubaki hata ya jana yakishafutika. Isifanywe kuwa muujiza, lakini. Tathmini ya mwaka 2018 iliyokusanya tafiti 22 juu ya njia hiyo iliona kwamba faida ipo, ila mara nyingi ni ndogo na haifanani kila mahali.

Takwimu zinasema nini, na zisilosema

Wanaoutetea mpango huu wana takwimu za kuvutia, nazo zataka kusomwa polepole. Maarufu kuliko zote ilichapishwa Desemba 2019 katika jarida la kitabibu la BMJ. Watafiti waliwafuatilia watu 6,710 wa Uingereza wenye miaka 50 na zaidi kwa miaka 14. Waliokwenda kwenye maonyesho, makumbusho au muziki kila baada ya miezi michache au zaidi walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 31 ukilinganisha na wasiokwenda kabisa. Waliokwenda mara moja au mbili kwa mwaka, asilimia 14.

Sasa uliza: ni muziki uliowaponya, au wenye afya ndio wanaoweza kutoka? Watafiti wenyewe waliliona swali hilo. Walizingatia mali, elimu, maradhi na uwezo wa kutembea, na tofauti ikabaki. Lakini utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kulimaliza swali hilo. Ni kama ule wa New York wa 2003, wa wazee 469 waliopita miaka 75, ulioona kwamba wanaosoma, wanaocheza michezo ya ubaoni, wanaopiga ala na wanaocheza dansi hawakupatwa sana na ugonjwa wa kusahau. Bao letu halikuwamo, ingawa ni vigumu kusema lina hesabu pungufu kuliko michezo yao. Na huenda akili iliyoanza kuchoka ndiyo inayomtoa mtu mchezoni, si mchezo unaoilinda akili.

Wenye nguvu zaidi ni utafiti ambapo watu hugawanywa makundi kwa bahati nasibu. Mmoja kama huo ulifanywa kusini-mashariki mwa Uingereza na kuchapishwa 2015: wazee 258 wenye miaka zaidi ya 60, nusu wakaimba pamoja mara moja kwa wiki kwa wiki 14, nusu wakaendelea na maisha yao ya kawaida. Walioimba walipungukiwa na wasiwasi na huzuni, na miezi sita tangu kuanza bado hali zao za kiakili zilikuwa bora. Idadi ni ndogo, lakini hapo huwezi kusema wazima ndio waliojichagua.

Ukiyaweka pamoja, unaweza kusema bila kuongopa kwamba shughuli za utamaduni humsaidia mzee moyo na akili, pengine na mwili, kwamba zina gharama ndogo na madhara machache. Huwezi kusema zinatibu presha. Na zipo hali ambazo si za barazani kabisa. Mzee aliyeacha kula, anayesema afadhali afe, au aliyebadilika ghafla akawa hajui aliko, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee mara nyingi ni maambukizi au dawa zilizogombana, si uzee.

Masikio, ngazi, nauli na dini

Kuna jambo moja ninaloliona linarukwa kila mara. Kabla hujamtafutia mzee kikundi, mpeleke akapimwe masikio na macho. Kamisheni ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau ambayo yanaweza kupunguzwa, na ndani yake yamo kutosikia, kutoona na kukosa watu. Mambo hayo matatu yanashikana mikono. Mzee asiyesikia vizuri hukaa kwenye mazungumzo akitabasamu mahali pasipofaa, anaona watu wanavyotazamana, na wiki inayofuata anasema mguu unamuuma. Pengine tatizo ni nta tu.

Kisha nauli. Mpango wa serikali wa Inua Jamii unawapa wazee waliofika miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Ukichukulia tuktuk shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, mara moja kwa wiki, mwezi umekula 800. Hakuna mzee atakayelipa hizo ili akaimbe. Ndiyo maana shughuli lazima iwe ya mtaani, ya kutembea kwa mguu, hata kama ukumbi mzuri uko Tononoka. Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia 2011, inafaa kwa ziara ya mara moja moja, lakini mpando wake na mawe yasiyo sawa vinataka mikongojo na subira. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, baada ya kutengenezwa upya 2019, ni tambarare zaidi, kuna upepo na pa kukaa. Na popote iwapo, swali la kwanza la bibi halitakuwa la ratiba. Litakuwa: choo kiko wapi?

Dini nayo haifai kurukwa. Wako wazee wa Kiislamu ambao udi na fidla ni sehemu ya maisha yao, waliokua na Sauti ya Mvita redioni, na wako ambao hawatakaa pale ala inapopigwa. Kwa hawa kuna kasida, kuna kughani tenzi, kuna kusimulia. Hata maulidi, ambayo kwa mwingine ndiyo roho ya Mfungo Sita, kwa mwingine ni bidaa, jambo lililozushwa katika dini. Mjane aliye kwenye eda ana miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, na hapo shughuli ndiyo imfuate, si yeye aifuate. Ramadhani saa zote zinageuka. Mzee wa kanisani Changamwe ana kwaya yake na jumuiya yake. Mgiriama wa Mtopanga ana ngoma za mwanzele na gonda, Mdigo wa Likoni ana sengenya; na misitu mitakatifu ya kaya, ambayo UNESCO iliitambua 2008, ni ya wazee hao kabla ya kuwa ya watalii. Njia ya kuvuka haya yote ni rahisi mno: usimpangie mzee, muulize. Na ukimuuliza, usimuulize anapenda shughuli gani. Muulize alikuwa akifanya nini siku ya Ijumaa alipokuwa na miaka ishirini na mitano.

Nani afuatane naye?

Kenya haitaajiri waunganishi elfu moja kesho. Lakini tangu Septemba 2023 kuna wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao, wakipima presha na sukari. Hao tayari wanaingia hadi ndani, wanajua nani hajatoka tangu mfungo uliopita. Kuwaongezea swali moja, "mara ya mwisho ulitoka lini kwenda kukaa na wenzako?", si kazi nzito. Kuwaongezea kazi ya kumsindikiza mzee kila wiki bila posho ya maana ni kuwaonea, na kazi itakufa.

Wa kusindikiza yuko kwingine, nadhani, na hapa narudi kwa wale vijana wa ripoti ya 2025. Mjukuu wa miaka kumi na saba aliyemaliza skuli, hana kazi, anashinda na simu, ni mpweke kwa namna yake. Akipewa kazi ya kumpeleka babu barazani Jumanne na Alhamisi, na huko akafundishwa kunamua, basi wawili wametoka nyumbani kwa nauli ya hakuna. Misikiti, makanisa na vyama vya akina mama vya kuchangishana pesa vina daftari za watu wao. Kikao cha chama kinaweza kuhamishiwa nyumbani kwa yule ambaye magoti yamemkatalia ngazi. Siku za malipo ya Inua Jamii wazee hukutana wenyewe, hasa wanaolipwa kwa wakala wa benki, na wanakaa foleni saa nzima wakizungumza. Hiyo foleni ni kikundi kilichokwisha kukusanyika.

Serikali ya kaunti nayo isiachiliwe. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inaitaka dola ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima, na wanapata matunzo kutoka kwa familia na dola yenyewe. Kushiriki kumetajwa kwanza. Kwa lugha ya bajeti, hilo ni kiti chenye mgongo, choo kinachofungika, taa ya njiani, ukumbi wa mtaa usiofungwa kufuli mchana, na malipo kwa bibi anayewafundisha wasichana wa mtaa kusuka ukili. Hayo ya mwisho hasa. Mwalimu wa kompyuta analipwa bila mtu kuuliza, lakini bibi aliyebeba vugo zima kichwani anapewa ahsante na chupa ya maji.

Na mpango ukishaanza, usipimwe kwa picha za siku ya uzinduzi. Nenda mwezi wa tatu, siku ya kawaida, bila kutangaza. Hesabu waliopo, kisha uliza ni nani hakuja leo. Wakikutajia jina, wakakwambia anaumwa nini na nani ameshakwenda kumjulia hali, mpango unafanya kazi.